Babu Aliyekufa Kabla ya Kuoa

Babu yangu alifariki Novemba 1918. Baba yangu alizaliwa mwaka 1927. Hesabu hiyo haina kosa, na mzee yeyote wa Kilungu wa rika langu hataiulizia mara ya pili. Walioniuliza ni wanafunzi. Nilifundisha historia katika shule za sekondari za Makueni hadi nilipostaafu, na kila nilipofika kwenye Vita Vikuu vya Kwanza niliandika miaka hiyo miwili ubaoni, nikakaa kitini, nikangoja. Kwanza darasa lilicheka. Kisha mmoja wao, mara nyingi msichana aliyelelewa na nyanya yake, aliinua mkono na kusema, "Mwalimu, huyo aliozwa akiwa amekwisha kufa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa Wakamba wa enzi hizo, kijana aliyekufa bila mke wala mtoto aliwaachia wenzake deni. Alikwenda kwa aimu, wale wahenga wasioonekana, lakini alikwenda mikono mitupu: hana nyumba duniani, hana wa kummwagia pombe, hana wa kumwita. Aimu wa namna hiyo hawakai kimya. Mbuzi wanaharibu mimba, mtoto anaugua, mvua inapita juu ya kilima na kunyesha kwa jirani. Basi baba wa marehemu alitoa mbuzi na ng'ombe, akamposea mwanawe aliyekufa msichana wa watu, kwa ntheo kamili, mbuzi wa kuhalalisha ndoa, kama ya mtu aliye hai. Bibi arusi alijengewa nyumba katika boma la mama mkwe wake. Ndugu wa marehemu alimzalisha, lakini watoto hawakuwa wake. Walikuwa wa marehemu, kwa jina, kwa shamba na kwa mifugo.

Susu wangu, yaani nyanya yangu, ndiye aliyekuwa huyo bibi arusi. Aliolewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona hata mara moja. Alimjua kwa simulizi za mama mkwe wake, mama wa marehemu, ambaye alikaa naye jikoni zaidi ya miaka ishirini akimweleza mumewe alivyokuwa: alivyopenda kulala juu ya mwamba baada ya kuchunga, alivyokuwa na pengo la meno yaliyochongwa kama ilivyokuwa desturi, alivyoogopa nyoka. Susu aliyapokea yote hayo akatupa sisi wajukuu tukipukuchua mahindi. Alipomtaja alisema "mume wangu" bila kusita, na alipomtaja aliyemzalisha alisema "shemeji".

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yamepita midomo miwili ya wanawake kabla ya kunifikia. Nimeyalinganisha na vitabu. Vitabu vinajua zaidi kuhusu majenerali.

Vitabu vinasema hivi. Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi. Afrika Mashariki havikuisha siku hiyo. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefukuzwa kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, na kutoka Rufiji hadi ng'ambo ya Ruvuma katika nchi ya Wareno, alikuwa amerudi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani tarehe 28 Septemba, akapita Songea na Ubena, akaingia katika nchi ambayo leo ni Zambia na kuuteka mji mdogo wa Kasama tarehe 9 Novemba. Tarehe 12, siku moja baada ya amani ya Ulaya, askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na askari wake walikuwa bado wanapigana risasi kwenye mto Malima. Tarehe 13 Wajerumani walimkamata mjumbe wa Kiingereza aliyekuwa kwenye pikipiki, na katika mfuko wake wakakuta habari kwamba vita vimekwisha. Kesho yake bunduki zilinyamaza penye mto Chambeshi. Von Lettow alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wachukuzi na wanawake waliofuatana nao.

Ni kisa kizuri cha kufundishia, na nimekifundisha mara nyingi kwa furaha. Kina pikipiki, kina mto, kina jenerali asiyeshindwa. Tatizo lake ni kwamba kinamfanya msikilizaji aamini kuwa katika majuma yale ya mwisho hatari ilikuwa huko, kwenye Kasama na Chambeshi, mbele ya bunduki za watu elfu moja na mia chache. Hatari kubwa ilikuwa nyuma, kwenye meli, kwenye hospitali za makuti na kwenye mabehewa. Na babu yangu alikuwa nyuma.

Alichukuliwa mwaka 1917. Mwaka huo Waingereza waliishiwa wachukuzi. Vita vilikuwa vimehama kutoka mpaka wa Taveta, ambako reli mpya kutoka Voi iliwafikisha watu na vyakula, vikahamia Kilwa na Lindi na mabonde ya Rufiji, ambako farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o na malori yalizama topeni. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. John Ainsworth, ambaye wazee wetu walimjua tangu alipokuwa bwana mkubwa wa Machakos katika miaka ya 1890, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wachukuzi kwa wingi. Kila wilaya ilipewa idadi yake. Bwana wilaya akawagawia machifu, machifu wakawagawia mahedimani, na hedimani akatazama ni boma gani lina vijana wengi na baba asiye na rafiki barazani.

Kilungu ni milima. Leo mtu akipanda kutoka Salama hadi Nunguni anaona matuta yaliyochimbwa toka juu hadi chini, sukumawiki, maparachichi, ukungu wa asubuhi unaokataa kuondoka. Matuta hayo hayakuwepo mwaka 1917. Kulikuwa na vichaka, miamba na mapango, na anake, vijana wasiooa, walijua kila pango. Walipopata habari kwamba watu wa chifu wanakuja, walilala huko. Babu yangu naye alilala huko majuma kadhaa, akiletewa chakula na mama yake usiku. Alikamatwa kwa sababu ya ngoma. Kulikuwa na ngoma upande wa Ilima, na alikuwa na umri ambao kijana haoni sababu ya kukosa ngoma.

Waliteremshwa upande wa magharibi hadi kituo cha reli cha Kima. (Kituo hicho tayari kilikuwa na jina baya: mwaka 1900 simba aliingia katika behewa lililosimama hapo akamtoa nje ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall. Wazee walikuwa wakikisimulia kisa hicho kwa raha kidogo, kwa kuwa simba alichagua.) Mama yake aliwafuata hadi chini akiwa na kibuyu cha uji. Garimoshi liliwapeleka Nairobi, kwenye kambi ya wachukuzi ambayo imeacha jina lake pale Kariokor, kama kambi ya Dar es Salaam ilivyoacha lake Kariakoo. Huko mtu alipimwa na daktari, akapewa blanketi na kidude cha chuma chenye nambari.

Nambari hiyo ilikuwa ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, kilichoongozwa na afisa Oscar Watkins. Watkins alijua Kiswahili vizuri, na ni mmoja wa Waingereza wachache wa vita vile ninaoweza kuwataja bila kukunja uso. Alipigania blanketi, alipigania unga usagwe vizuri, alipigania chakula kipikwe kwa pamoja na watu waliojua kupika badala ya kila mchukuzi kuachiwa kibaba chake na kuni mbichi baada ya kutembea kutwa. Wengi walikufa kwa tumbo. Unga usioiva vizuri, maji ya madimbwi, baridi ya usiku: kuhara damu kukawa na mavuno makubwa kuliko risasi. Malipo yalikuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi.

Nataka msomaji aielewe hesabu ya kazi hiyo, maana nilipoielewa mwenyewe ndipo nilipoacha kuwafundisha wanafunzi kwamba wachukuzi "walisaidia" jeshi. Chukua mzigo wa kilo 25 hivi. Chukua mtu anayekula kilo moja kwa siku. Akibeba chakula kwenda mwendo wa siku kumi kutoka bandarini, na siku kumi kurudi, amekula kilo 20. Amemfikishia askari kilo 5. Ukisogeza mstari wa mbele siku mbili na nusu zaidi, hafikishi kitu. Anabeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi. Kwa hiyo kila hatua ya von Lettow ya kurudi nyuma, ambayo vitabu vya Kizungu vinaisifu kama ujanja wa vita, ilikuwa ni amri ya kukamata vijana wengine wa Kilungu, Kitui, Kavirondo na Nyeri. Hakuhitaji kuwapiga Waingereza. Alihitaji kutembea tu. Wachukuzi waliotoka katika nchi hii walizidi 160,000. Serikali ilihesabu wachukuzi zaidi ya 40,000 waliokufa. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kizima juu ya Carrier Corps, aliona idadi ya kweli, ukijumlisha waliotoka katika maeneo yote yaliyotawaliwa na Waingereza, inakaribia 100,000.

Sasa nifike kwenye ugomvi wa ukoo wetu.

Binamu zangu wanasema babu alikuwa askari. Wanasema hivyo harusini na matangani, na mmoja wao, aliyelitumikia jeshi la Kenya hadi kustaafu, husema hivyo akiwa amesimama wima. Mimi nilikuwa nikisema alikuwa mchukuzi, kwa sababu alichukuliwa kama mchukuzi. Susu hakusema hili wala lile. Alisema mumewe "alibeba maji ya bombom".

Bombom ni bunduki ya rashasha, Vickers au Maxim. Ilipashwa moto na risasi zake yenyewe hata ikabidi ipozwe kwa maji yaliyojazwa katika koti la chuma linaloizunguka. Haikutembea peke yake: huyu alibeba mtutu, huyu miguu mitatu, hawa masanduku ya mikanda ya risasi, na huyu maji. Wabebaji hao hawakuwa katika msafara wa nyuma pamoja na magunia ya unga. Walichaguliwa miongoni mwa wachukuzi waliokuwa na nguvu, wakapewa sare na kufundishwa gwaride, na walikwenda bega kwa bega na kikosi hadi mahali risasi zinapotoka na zinapoingia. Bombom bila maji ni chuma tu, kwa hiyo aliyebeba maji hakuwa na ruhusa ya kulala chini na kungoja.

Huyo ni askari au ni mchukuzi? Swali hilo liliulizwa ofisini, kwa ajili ya mshahara kwanza na kwa ajili ya kaburi baadaye. Kule porini liliulizwa na nani? King's African Rifles walianza vita wakiwa na vikosi vitatu tu, watu kama 2,300, na wakavimaliza wakiwa na vikosi 22 na watu zaidi ya 30,000. Huwezi kulikuza jeshi kwa namna hiyo bila mpaka huo kuvunjwa kila siku. Kijana aliyeanza Jumatatu na gunia kichwani angeweza kuwa na bunduki begani kabla ya mwezi kuandama. Nikamwambia binamu yangu mwanajeshi kwamba ameshinda nusu. Alisema hajui vita vinavyoshindwa nusu.

Mwaka 1918 wote ulikuwa wa kufukuzana katika nchi ya Wareno. Julai, kule Namacurra na Namirrue, Wajerumani waliwageukia waliokuwa wakiwafukuza na kuwapiga vibaya, vikosi vya kutoka kwetu vikiwemo. Babu alipona huko. Von Lettow alipovuka Ruvuma mwishoni mwa Septemba, Waingereza walishtuka. Walikuwa na majeshi yao kusini na adui yao yuko kaskazini. Wakawapakia watu melini katika bandari za Msumbiji, wawarudishe Dar es Salaam, wapande reli ya kati hadi Tabora wamzuie huko. Babu alipanda mojawapo ya meli hizo. Mwenzake, kijana wa upande wa Mukaa aliyekuwa naye tangu Kima, alisimulia kwamba walishangilia. Dar es Salaam ilikuwa njia ya nyumbani: meli moja hadi Mombasa, garimoshi moja hadi Kima, mlima mmoja.

Wakati huohuo homa ilikuwa imeshuka melini. Ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani mwaka huo iliingia Mombasa mwezi Septemba, kwa meli, ikafuata kila njia ambayo vita vilikuwa vimefungua: reli, bandari, kambi, msafara. Haikuwa mafua kama haya ya Julai. Iliwapenda vijana wenye afya. Mtu alishikwa asubuhi, jioni midomo imebadilika rangi, siku ya tatu anakohoa povu lenye damu. Kambi iliyojaa watu waliodhoofishwa na malaria na kuhara, wamelala bega kwa bega chini ya turubai moja, haikuhitaji zaidi. Homa haikuuliza nani yuko kwenye orodha ya mishahara ya askari na nani yuko kwenye ya wachukuzi, wala haikujali bendera. Askari wa von Lettow wenyewe, baada ya kunusurika miaka minne ya risasi, walikufa kwayo wakiwa wafungwa wakisubiri kurudishwa makwao.

Babu alikohoa siku tatu katika kambi ya Dar es Salaam. Mwenzake alisema wazungu walikuwa wamepiga mizinga ya furaha bandarini na watu wameambiwa vita vimekwisha, na yeye alimwambia hivyo mgonjwa. Mgonjwa alimjibu kwa Kikamba kwamba basi aende akamwambie mama amfungulie mbuzi. Kesho yake hakuamka.

Susu alitusimulia maneno hayo ya mbuzi mara nyingi, na kila mara alicheka. Nilipokuwa mdogo niliona ni vibaya kucheka. Baadaye nilielewa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya mumewe aliyoweza kuisikia kwa sauti yake mwenyewe.

Mwenzake alifika Kilungu mwaka 1919. Hakuingia bomani moja kwa moja. Mtu aliyegusa maiti, na aliyetoka vitani, alitakaswa kwanza kwa ng'ondu, dawa ya majani iliyonyunyizwa na mzee mwenye kuijua, ndipo akala na watu. Alikaa nje ya ua akisubiri mzee apatikane, na mama wa marehemu alikaa ndani akijua kwamba kijana mmoja tu ndiye aliyepanda mlima wakati walishuka wawili. Hakuna aliyesema neno mpaka utakaso ulipokwisha. Nimesoma maelezo ya Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani miaka michache kabla ya vita na kuandika kwa makini mno juu ya ng'ondu. Lakini hakuna mtafiti aliyekuwepo kuona jinsi utakaso huo ulivyofanya kazi mwaka 1919, wakati waliorudi walikuwa wengi na wazee wa kutakasa walikuwa wameanza kupungua.

Walipunguzwa na homa ileile. Ilipanda kutoka vituo vya reli. Katika nchi nzima makadirio yanafika watu laki moja na nusu, kati ya asilimia 4 na 6 ya wakazi. Tena mvua za 1918 zilikuwa zimegoma, na homa ikawakuta watu na njaa. Katika boma letu walikufa wanne, na mmoja wao alikuwa baba wa marehemu, mzee ambaye kwa desturi ndiye angempa mwanawe mke. Ndiyo sababu ndoa ilichelewa. Mbuzi walikuwa wamekwisha, na mwaka 1920 kodi ya nyumba ikapanda kutoka rupia 5 hadi 8, na waliorudi salama kutoka vitani wakavishwa kipande shingoni, chuma kingine chenye nambari. Wazungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba katika nyanda za juu. Si ajabu kwamba mwaka 1922, huku Ulu, alitokea nabii Ndonye wa Kauti akitangaza kwamba Wazungu wataondoka, na watu wakamsikiliza hadi serikali ilipomhamishia mbali, Siyu, karibu na Lamu. Nyumba zilizokuwa na madeni kwa wafu zilikuwa tayari kusikia lolote.

Susu aliolewa katikati ya miaka ya 1920, shemeji zake walipokwisha kukusanya mifugo upya. Wamisionari hawakuipenda ndoa ya namna hiyo. Walimwambia kwamba anaishi na shemeji yake katika dhambi. Alibatizwa uzeeni, na kwenye fomu ya ubatizo, palipoandikwa jina la mume, akataja jina la aliyekufa 1918. Mchungaji aliandika.

Baadaye tukafunikwa na sifa. Kizazi kimoja baadaye Wakamba wakaitwa watu wa vita kwa asili. Katika Vita Vikuu vya Pili vijana wetu walijaa King's African Rifles, wakaenda Uhabeshi, wakaenda Burma, wakapita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Baada ya uhuru Joseph Ndolo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza majeshi ya Kenya, na Jackson Mulinge akayaongoza hadi 1986. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachokataa ni kuzirudisha nyuma hadi 1917. Kijana wa Kilungu wa 1917 alilala pangoni asiende vitani, na aliposhikwa alifungwa kamba. Hata mwaka 1938, Muindi Mbingu alipoongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga ng'ombe wao kunyang'anywa kwa bei ya bure, serikali haikuwaona kama watumishi waaminifu wa mfalme. Ilimpeleka Muindi Lamu. Sifa ya uaskari ilikuja Waingereza walipotuhitaji tena, nasi tuliipokea kwa kuwa ilikuja na mshahara, karo za shule na mabati.

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928: askari wa KAR, mwanajeshi wa Arab Rifles na mchukuzi. Maandishi yake, ambayo yalitungwa na Rudyard Kipling na yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halipo. Hakuna hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika. Ilikuwa sera: Mwingereza alipata jiwe, Mwafrika akapata sanamu ya jumla. Mishahara ya wachukuzi waliokufa ilibaki bila wa kuidai, na serikali ya Nairobi na ya London zikabishana juu yake miaka mingi. Januari 2025 Cape Town ilifungua kumbukumbu ya wafanyakazi wa kijeshi Waafrika Kusini yenye majina zaidi ya 1,700, kila jina na nguzo yake ya mbao. Watu wameanza kuniuliza kama Kenya itafanya hivyo, na majina yatatoka wapi, ikiwa rejista nyingi zilipotea.

Mimi nawaambia baadhi ya majina hayo yako Kilungu, na hayajapotea. Kipling aliwaahidi wafu kumbukumbu ya wana wao. Wengi walikuwa vijana wasio na wana, na ahadi hiyo ingekuwa maneno matupu kama mama zao wasingewaoza. Kila nyumba iliyojengewa mke wa marehemu katika miaka ya 1920 ina jina la mtu aliyekufa kijana, na ukiuliza alikufaje, mara nyingi jibu ni "vita vya Mjerumani" au "homa ya Mjerumani". Wakati mashamba yalipopimwa, miaka ya baba yangu, jina hilo lilitajwa mbele ya kamati ya wazee, kwa sababu bila hilo mwana wa mke wa marehemu asingekuwa na haki ya kipande chake. Baba alisimama akasema yeye ni mwana wa mtu aliyekufa miaka tisa kabla ya kuzaliwa kwake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Afisa wa upimaji, kijana kutoka mkoa mwingine, aliomba arudiwe mara tatu, kisha akachora mpaka.

Kwa hiyo nimeanza kuzunguka. Naanza na matuta ya kwetu, nikienda Ilima, Mukaa na Kasikeu, nikiuliza swali moja: ni nani katika ukoo huu aliozwa akiwa amekufa? Wazee wa miaka 80 na zaidi wanajibu upesi. Watoto wao wanasita. Mmoja, mfanyabiashara wa Nunguni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinifuata hadi barabarani akaniomba nisiandike la kwao, maana hati ya shamba ina jina moja, damu ina jina jingine, na ana ndugu upande wa pili wanaotafuta mwanya wa kwenda mahakamani. Nilimwelewa. Binamu yangu mwanajeshi naye ana sharti lake: babu aandikwe askari, la sivyo hataki aandikwe.

Nimemwandika "mbeba maji ya bombom, KAR, Dar es Salaam, Novemba 1918, ameacha mke na watoto watatu". Binamu bado hajajibu ujumbe wangu.